Ukaguzi wa Shule kama Njia ya Kutawala Elimu: Ulinganisho wa Nchi Chache

Historia ya elimu imeandikwa mara nyingi kama historia ya shule, ya walimu na ya vitabu. Aghalabu husahauliwa mtu mmoja ambaye hakufundisha darasa lolote wala hakutunga sheria yoyote, lakini ambaye pasipo yeye sheria zisingalifika darasani, yaani mkaguzi. Makala haya yanakusudia kumtazama mtumishi huyo katika Uholanzi, Ufaransa, Uingereza na Prussia, ambako kazi yake ilipata umbo katika karne ya 19, kisha katika Afrika ya Mashariki, ambako alikuja akiwa amekwisha kupewa jina, madaftari na mazoea ya ugenini.

Jambo moja latokea katika nchi zote hizo. Kila serikali iliyoanzisha ukaguzi ilitangaza kuwa nia yake ni kumsaidia mwalimu, na karibu kila mwalimu aliyekaguliwa alijiona anachunguzwa. Watu wengine husema kuwa tofauti hiyo yatokana na tabia ya wakaguzi wenyewe, kuwa wako wapole na wako wakali. Hoja yetu ni nyingine. Yatupasa kuuliza taarifa ya mkaguzi imefungamanishwa na kitu gani. Ikifungamanishwa na fedha, shule itafundisha kile kinacholipiwa. Ikifungamanishwa na cheo, mwalimu atafundisha siku ya ukaguzi kwa namna moja na siku nyingine kwa namna nyingine. Ikifungamanishwa na ruhusa ya shule kuwako, ukaguzi utakuwa jambo la siasa. Haya tutayaonyesha kwa mifano.

I. Uholanzi na Ufaransa

Uholanzi ndiyo nchi ambayo kwa kawaida hutajwa kwanza katika habari hizi. Sheria ya mwaka 1801, na hasa ile ya mwaka 1806 ambayo Adriaan van den Ende alikuwa na mkono mkubwa katika kuitunga, ziligawa nchi katika wilaya za shule na kuweka mkaguzi katika kila wilaya. Hakuna aliyeweza kufundisha pasipo cheti cha kupimwa, wala hakuna shule iliyofunguliwa pasipo idhini. Lakini mkaguzi huyo alikuwa na kazi ya pili, nayo ni kuwakusanya walimu wa wilaya yake katika vyama vya kusoma na kujadiliana juu ya ufundishaji. Mtu yule yule aliyempima mwalimu ndiye aliyemketisha pamoja na wenzake ili wafundishane. Wageni walikuja kuutazama mpango huo. Georges Cuvier alitumwa na serikali ya Napoleon mwaka 1811, na Victor Cousin alifika mwaka 1836. Wote wawili walirudi Ufaransa na sifa za kuandika.

Ufaransa yenyewe ilikuwa imeanza kwa njia yake. Sheria ya mwaka 1802 iliweka wakaguzi wakuu wa masomo, na Napoleon alipounda Chuo Kikuu cha Dola, kilichoshika elimu yote ya nchi chini ya mamlaka moja, wakaguzi hao wakawa miguu na macho ya mamlaka hiyo. Kwa shule za msingi, mwaka 1833 waziri Guizot alipitisha sheria yake maarufu, na mwaka ule ule akatuma watu 490 kuzunguka nchi nzima kuzitazama shule za vijiji. Habari walizoleta zilikuwa za kusikitisha: vyumba visivyofaa, na walimu waliokuwa wakifanya kazi nyingine pamoja na ualimu ili wapate kuishi. Mwaka 1835 Guizot akaweka mkaguzi wa kudumu katika kila mkoa.

Tabia ya pekee ya ukaguzi wa Kifaransa ni kwamba ulimlenga mwalimu mmoja mmoja zaidi kuliko shule. Mkaguzi aliketi nyuma ya darasa, akasikiliza somo, kisha akaandika taarifa na kutoa alama, na alama hiyo ilihusika katika kupandishwa cheo kwa mwalimu. Mpango huo ulidumu kwa vizazi vingi, na haukubadilishwa kwa kweli mpaka mwaka 2017, alama zilipoondolewa na kuwekwa mazungumzo ya tathmini katika vipindi maalumu vya kazi ya mwalimu. Hapana shaka kuwa mpango wa zamani ulileta ulinganifu: mtoto wa mlimani na mtoto wa Paris walifundishwa mambo mamoja. Lakini pia ulimfanya mwalimu aandae somo la kuonwa, ambalo huenda lisifanane na somo la kila siku.

II. Uingereza

Uingereza haikuwa na mamlaka moja ya elimu kama Ufaransa. Shule zilikuwa za vyama vya dini, na serikali iliogopa kuzigusa. Mwaka 1833 Bunge lilitoa paundi 20,000 kusaidia ujenzi wa majumba ya shule, na ndipo swali likazuka: fedha za watu wote zikienda katika mikono ya vyama, nani atakayejua zimefanya kazi gani? Jibu lilikuja mwaka 1839 ilipoundwa Kamati ya Elimu ya Baraza la Malkia, James Kay akiwa katibu wake, na mwisho wa mwaka huo wakateuliwa wakaguzi wawili wa kwanza, Hugh Seymour Tremenheere na kasisi John Allen. Basi, huko Uingereza mkaguzi alizaliwa na ruzuku, wala hakuzaliwa na sheria ya elimu. Alikuja akifuata fedha.

Maagizo waliyopewa wakaguzi mwaka 1840 yalisema wazi kuwa kazi yao ilikuwa kutoa msaada, si kutawala. Lakini hata kabla ya wino kukauka, mipaka ya kazi hiyo ilikuwa imewekwa na wengine. Kanisa la Kiingereza lilipata mapatano kwamba mkaguzi wa shule zake asiteuliwe pasipo kibali cha Askofu Mkuu. Tremenheere alipoandika taarifa kali juu ya shule za chama kingine katika London, chama kililalamika, na yeye akahamishiwa ukaguzi wa migodi. Twaona hapa kuwa ukaguzi ulikuwa mapatano baina ya wenye nguvu, na kwamba mwalimu hakuwa mmoja wao.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1862, kwa Kanuni Mpya ya Robert Lowe. Watu walikuwa wamelalamika kuwa ruzuku inaongezeka kila mwaka na watoto wengi wanaondoka shuleni wasijue kusoma. Lowe alifanya hesabu iliyo nyepesi kueleweka. Mtoto mmoja aliweza kuiletea shule shilingi 12 kwa mwaka, yaani 4 kwa mahudhurio na 8 kwa mtihani. Mkaguzi aliwapima watoto mmoja mmoja katika kusoma, kuandika na hesabu, na kwa kila somo ambalo mtoto alishindwa zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Akishindwa yote matatu, shilingi 8 zote zilipotea. Zaidi ya hayo, malipo ambayo zamani serikali ilikuwa ikiwapa walimu moja kwa moja yaliondolewa, na mwalimu akawa wa kupatana mshahara na wasimamizi wa shule, ambao nao walitazama ruzuku itakuwa kiasi gani.

Kwa mtu wa hazina mpango huo ulifaulu, maana ruzuku ilishuka kutoka kiasi cha paundi 813,000 mwaka 1861 hadi kiasi cha paundi 637,000 mwaka 1865. Kwa darasa, matokeo yalikuwa mengine. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi tangu mwaka 1851 hadi 1886, aliandika katika taarifa zake kuwa mtoto aliweza kutayarishwa kwa werevu akapita mtihani wa kusoma ilhali hajui kusoma. Watoto walikariri kitabu kizima cha darasa lao. Masomo ambayo hayakulipiwa yalipungua. Mkaguzi, ambaye zamani alizungumza na mwalimu juu ya kazi yake, sasa alifika na orodha ya majina, akaweka alama na kuondoka. Elimu yake kubwa haikuwa na nafasi tena katika ziara hiyo, maana kazi iliyobaki ilikuwa ya karani.

Wasomaji wa jarida la lugha hawana budi kuangalia jambo la Wales. Mwaka 1847 zilitolewa taarifa za uchunguzi wa shule za nchi hiyo, zilizoandikwa na wajumbe watatu ambao hawakujua Kiwelsh. Waliwapima watoto kwa lugha ambayo wengi hawakuielewa, kisha wakaandika kuwa watoto ni wajinga na kwamba lugha yao ni kizuizi cha maendeleo. Wenyeji waliziita taarifa hizo usaliti, na jina hilo halijasahauliwa mpaka leo. Mmoja wa wajumbe hao, Ralph Lingen, baadaye akawa katibu wa Idara ya Elimu, na ni yeye aliyeitekeleza kanuni ya mwaka 1862 pamoja na Lowe. Kanuni hiyo haikuweka malipo yoyote kwa Kiwelsh. Haikuwa lazima kuipiga marufuku lugha hiyo. Ilitosha kutoilipia, na shule maskini zikajua la kufanya. Katika historia ya siasa za lugha mfano huu wafaa kukumbukwa, kwa kuwa waonyesha jinsi lugha iwezavyo kuondolewa darasani pasipo amri, kwa fomu ya mkaguzi peke yake.

Mpango wa kulipa kwa matokeo ulilegezwa kidogo kidogo, na katika miaka ya 1890 ukaisha. Lakini mazoea hayakuisha pamoja nao. Edmond Holmes, aliyepata kuwa mkaguzi mkuu wa shule za msingi, alichapisha kitabu mwaka 1911 akieleza kuwa walimu waliolelewa katika utii wa namna hiyo hawakujua kuutumia uhuru walipopewa.

III. Prussia

Huko Prussia hali ilikuwa tofauti. Tangu zamani mchungaji wa kijiji ndiye aliyeitazama shule, na amri ya Frederick wa Pili ya mwaka 1763 iliithibitisha desturi hiyo. Mwalimu alikuwa chini ya kasisi katika kanisa na chini yake tena katika darasa. Mwaka 1872, wakati Bismarck alipokuwa katika ugomvi na Kanisa Katoliki, ilitungwa sheria fupi iliyosema kuwa usimamizi wa shule zote, za umma na za binafsi, ni haki ya serikali, na kwamba kila anayekagua anakagua kwa niaba yake na aweza kuondolewa nayo.

Sheria hiyo haikubadilisha mtaala wala mshahara. Ilibadilisha tu jibu la swali, «Mkaguzi ni wa nani?» Lakini katika majimbo yenye Wapolandi wengi jibu hilo lilikuwa na maana nzito, kwa kuwa makasisi waliozitunza shule pamoja na lugha ya wenyeji waliondolewa katika ukaguzi. Mahali pengi katika Prussia mchungaji aliendelea na kazi ile ile, ila sasa kwa idhini ya serikali, mpaka mapinduzi ya mwaka 1918. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1919 ndiyo iliyotaka ukaguzi uwe kazi ya watu walioisomea na wasiokuwa na kazi nyingine. Walimu walikuwa wamelipigania hilo kwa muda mrefu: wakaguliwe na mtu ajuaye ualimu.

IV. Afrika ya Mashariki

Ukaguzi wa namna ya Kiingereza ulivuka bahari pamoja na ruzuku. Waraka wa mwaka 1854 juu ya elimu ya Uhindi uliunganisha mambo hayo mawili: shule za vyama na za watu binafsi zitasaidiwa kwa fedha, mradi zikubali kukaguliwa. Katika nchi zetu nazo shule nyingi zilikuwa za misioni, na baada ya Vita Kuu ya kwanza serikali za Waingereza zikaanza kuzisaidia kwa masharti hayo hayo. Kongo ya Wabelgiji ilichukua njia iliyokumbusha ile ya Prussia ya zamani, kwa kuwa katika shule za misioni zilizosaidiwa na serikali sehemu kubwa ya ukaguzi ilikabidhiwa wamisionari wenyewe.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, na ambayo Dokta Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilizunguka Afrika ya Mashariki na kuona jinsi shule ndogo za vijijini zilivyokuwa nyingi na jinsi zilivyokosa wa kuziangalia. Mwaka uliofuata serikali ya London ilitoa waraka wa siasa ya elimu katika Afrika ya tropiki. Waraka huo ulitilia mkazo ukaguzi, lakini ulishauri kuwa ruzuku isitegemee matokeo ya mitihani. Aliyejua habari za mwaka 1862 aliweza kutambua sababu. Waingereza walikuwa wamelipa ada ya somo hilo kwao nyumbani.

Waraka huo pia ulisifu walimu wa kuzunguka. Asili yao ni kusini mwa Marekani, ambako mwaka 1908 Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa wilaya ya Henrico katika Virginia, alianza kuzitembelea shule ndogo za watu wake kwa fedha zilizotolewa na Anna Jeanes. Mwaka 1925 ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule iliyochukua jina la Jeanes. Walimu wenye uzoefu waliletwa huko pamoja na wake zao, wakafundishwa, kisha wakarudi kuzunguka katika shule za vijiji. Mwalimu wa namna hiyo alifika kijijini akafundisha darasa pamoja na mwenyeji wake, akasaidia kupanga kazi, akashauri juu ya bustani na afya. Neno lake halikubeba ruzuku wala cheo. Kwa sababu hiyo mwenyeji wake aliweza kumwonyesha udhaifu wake, jambo ambalo hakuna mwalimu amwonyeshaye mkaguzi kwa hiari. Lakini kasoro ya mpango huo nayo yapasa isemwe: walimu hao walikuwa wachache, nao hawakuwa na uwezo wa kuwapatia wenzao vitabu, dawati wala mshahara.

Pamoja na walimu hao aliendelea mkaguzi mwenye mamlaka, ambaye katika zama hizo kwa kawaida alikuwa Mzungu. Huko Kenya uzito wake ulijulikana baada ya mwaka 1929, Wakikuyu wengi walipotengana na misioni juu ya jambo la tohara ya wasichana na kuanzisha shule zao wenyewe chini ya vyama viwili, Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a Education Association. Watu hawa hawakuikataa elimu ya vitabu. Waliitaka sana, Kiingereza pamoja nayo. Walichobishania kilikuwa nani atakayeitawala. Mwaka 1949 taarifa ya kamati ya Beecher ilipopendekeza usimamizi na ukaguzi wa shule za Waafrika uongezwe nguvu, serikali iliona ni dawa ya ufundishaji hafifu, na Waafrika wengi waliona ni kufuli jingine mlangoni. Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilizifunga shule za vyama hivyo. Taarifa ya mkaguzi iliyofungamanishwa na ruhusa ya kuwako haiwezi kusomwa kama shauri la ufundi, hata kama kila neno lake juu ya hesabu na usomaji ni la kweli.

Hapana budi kuitaja lugha yetu katika habari hizi. Halmashauri ya Lugha ya Nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa na uhusiano wa karibu na idara za elimu za Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Vitabu vya Kiswahili vilivyokusudiwa kwa shule vilipelekwa kwake kupata idhini. Kusanifishwa kwa Kiswahili kwa kawaida huelezwa kwa kamusi na sarufi. Lakini kamusi haiingii darasani kwa miguu yake. Kitabu kilichoidhinishwa kilinunuliwa na shule, na aliyeingia darasani kutazama kinachosomwa alikuwa mkaguzi. Kwa hiyo yeye naye ana sehemu katika historia ya Kiswahili Sanifu, na kazi ya kuitafiti sehemu hiyo katika taarifa za idara za zamani ingewafaa wanafunzi wetu.

V. Majina na mambo

Baada ya uhuru serikali zote za Afrika ya Mashariki ziliendelea na ukaguzi. Sheria ya Elimu ya Kenya ya mwaka 1968 na ile ya Tanzania ya mwaka 1978 zote ziliuwekea nafasi. Aliyekuwa Mzungu akawa mwananchi, na mara nyingi alikuwa mwalimu wa zamani aliyeijua taabu ya darasa. Hata hivyo umbo la kazi lilibaki lile la kale: ziara ya nadra, daftari, mashaka ya mwalimu.

Katika karne hii jina limebadilishwa. Kenya ilianza kusema habari za ubora na viwango, na katika Tanzania mkaguzi ameacha kuitwa mkaguzi. Jina lake jipya husemwa na kuandikwa kwa namna mbili, mdhibiti ubora na mthibiti ubora. Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jambo hilo. Kukagua ni kitendo cha macho: mtu hukagua shamba, mizigo au jeshi, akapita akitazama. Kudhibiti, ambalo asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika imara, ni kitendo cha mkono: mtu hudhibiti moto au magendo. Kuthibiti latokana na mzizi mwingine, wenye maana ya kuwa imara na kusadikika. Basi, aliyetaka kumwondolea mwalimu hofu kwa kubadilisha jina, akichagua neno la kwanza, amempa mkaguzi jina zito kuliko lile la zamani. Akichagua la pili, amemwambia kazi yake ni kuhakikisha jambo limesimama. Kuyumba baina ya herufi mbili hakukosi maana, kwa kuwa ndiko kuyumba kwa kazi yenyewe tangu mwaka 1840.

Nchi nyingine nazo hazijatulia. Finland iliondoa ukaguzi wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawaamini walimu iliowasomesha kwa muda mrefu. Sweden iliuacha wakati huo huo, ikaurudisha mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaupa idara ya pekee. Uingereza ilianzisha Ofsted kwa sheria ya mwaka 1992, na taarifa zake hutangazwa kwa wazazi. Kwa miaka mingi kila shule ilipewa hukumu ya jumla ya neno moja au mawili. Mwaka 2023 mwalimu mkuu mmoja alijiua baada ya shule yake kukaguliwa, na mchunguzi wa vifo akaamua kuwa ukaguzi ulichangia. Mwezi wa Septemba 2024 hukumu hiyo ya jumla iliondolewa katika shule za umma. Hapa taarifa haikufungamanishwa na shilingi 2 na peni 8. Ilifungamanishwa na sifa ya shule mbele ya watu, na yaonekana fungo hilo nalo lina uzito usio mdogo.

Kwa muhtasari, ulinganisho huu hautufundishi kuwa ukaguzi ni mbaya. Shule za vijiji ambazo watu wa Guizot walizigundua mwaka 1833 zingaliendelea katika giza kama hakuna aliyezifikia, na watoto wa maskini ndio ambao wangaliumia. Mlipa kodi na mzazi wana haki ya kujua. Unalotufundisha ni kwamba wenye kupanga elimu, kabla ya kutafuta jina jipya au kuandika waraka wa upole, wangefaa kuuliza ni kitu gani kitakachompata mwalimu taarifa itakapofika ofisini. Kama ni adhabu peke yake, mwalimu atajifunza kuficha, na serikali itatawala kwa habari zisizo za kweli. Kama taarifa yaweza pia kumletea vitabu, mwenzi wa kumshauri na nafasi ya kusoma zaidi, ataufungua mlango wa darasa mwenyewe.